Taya linauma? Anza na taya, vitamini D baadaye

Mtu akilalamika kwamba taya linamuuma au linalia akitafuna, siku hizi haraka ataambiwa: "Kanunue vitamini D." Ushauri huu tunaupinga. Vitamini yenyewe hatuidharau. Ikipungua sana kwa muda mrefu mifupa hulainika na misuli huuma, na ndiyo maana watafiti wameipima kwa wagonjwa wa kiungo cha taya. Lakini majibu yao hayajakubaliana. Isitoshe, wengi walipimwa mara moja tu, na mtu mwenye maumivu ya kudumu hushinda ndani bila kupata jua na kula kwa shida, kwa hiyo upungufu unaweza kuwa umefuata maumivu.

Kiungo chenyewe kiko mbele kidogo ya sikio. Kwa sababu hiyo wapo wanaotiwa dawa za masikio, na wengine hung'olewa gego lisilo na ugonjwa! Mlio hutokea kisahani cha gegedu kilichochomoka mbele kinaporudi mahali pake. Kama hauumi na mdomo unafunguka vizuri, uache. Mdomo wa mtu mzima hupokea vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima, milimita 40 hivi. Mlio ukikoma ghafla na mdomo ukagoma kufunguka, kisahani huenda kimekwama. Muone daktari wa meno mapema.

Ukipima vitamini D, omba kipimo cha 25-haidroksi, yaani kile kinachoonyesha akiba ya vitamini D mwilini, kisha soma kizio kabla ya namba. Nanogramu 20 kwa mililita ni sawa na nanomoli 50 kwa lita. Mwenye nanomoli 45 akidhani ni nanogramu ataona yuko salama, kumbe ana nanogramu 18, na chini ya 20 huhesabiwa upungufu. Mahitaji ya kawaida ya mtu mzima ni vizio vya kimataifa (IU) 600 kwa siku, 800 akipita miaka 70. Usipite IU 4,000 kwa siku bila daktari: kalsiamu ikipanda kwenye damu, figo huumia. Rudia kipimo baada ya miezi 3.

Wakati huohuo taya litunzwe. Kitambaa cha moto dakika 15 hadi 20, chakula laini, muwa na bazoka viwekwe kando. Midomo ifumbe, meno yasigusane. Meno ya juu na ya chini hukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Maumivu yakipita miezi mitatu, mwongozo uliochapishwa na jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2023 unapendekeza mazoezi ya taya yanayosimamiwa na mtaalamu, na tiba ya kisaikolojia ya kukabiliana na maumivu.