Simba wa Belfort kwenye kiti cha maharusi

Video yangu ya harusini, nimelala kwenye kiti cha maharusi, mmeiona. Najua mmeiona, maana hata mama muuza makaa pale mtaani Birere leo asubuhi amenipokea kwa mngurumo. Aliyeisambaza ni mtu wangu wa karibu. Simtaji, ila anajua simu aliyorekodia nani alimkopesha pesa ya kuinunulia. Video yake inaanzia pale nilipokwisha kulala. Kwa nini nililala, haonyeshi. Sasa msikilizeni mwenye pantalo, yaani suruali. Tena pantalo si yangu, tutafika huko.

Harusi zetu za Goma mnazijua. Maharusi wakiingia, wakikaa kidogo, wanaondoka kwenda kubadilisha nguo, na wageni mnabaki na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, za kuhesabika kwenye sahani na bia ya Primus ya uvuguvugu. Ili watu wasianze kulalamika, animatere, mshereheshaji wetu, akaleta mchezo: anataja jina la jukwaani la msanii, wewe unataja alilopewa na wazazi wake. Zawadi kasiye, kreti nzima, ya Primus, na hii ilikuwa ya baridi, imewekwa mbele pale tuitamani.

Nilikuwa nimevaa kostimu, yaani suti, ya yaya, kaka yangu mkubwa. Ya bluu, ya kubana, imetoka Italia kwa maelezo yake, Kampala kwa maoni yangu. Yaya ni mwembamba. Yatoshe hayo kwa sasa.

Koffi Olomide? Antoine Agbepa Mumba. Nilijibu kabla animatere hajafunga mdomo. Papa Wemba? Jules Shungu Wembadio Pene Kikumba, lote bila kupumua, na meza ya wajomba ikapiga vijiko. Upande wa familia ya bibi harusi alikaa mwalimu mmoja wa jiografia, mtu wa taratibu, mwenye miwani. Akaninyang'anya Freddie Mercury. "Farrokh Bulsara," akasema, "alizaliwa Zanzibar, mwaka 1946." Halafu akaongeza kwamba ni Mji Mkongwe, kana kwamba kuna mtu aliyemuuliza. Wakampigia makofi kuliko mimi. Damu ikaanza kuchemka.

Tukafungana. Swali la mwisho: Tabu Ley Rochereau wazazi walimwita Pascal Tabu, hilo la Rochereau lilitoka wapi? Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akasema labda ni padri aliyembatiza. Nikashika mikrofoni. Nikasema inasimuliwa kwamba darasani waliulizwa habari za mwanajeshi mmoja wa Ufaransa, na kijana Tabu ndiye pekee aliyekuwa na jibu: Denfert-Rochereau. Wenzake wakamtania kwa jina hilo, likagoma kutoka, hadi akapanda nalo jukwaani.

Animatere akaangalia karatasi yake, akasema ndiyo. Nimeshinda. Mtu mwenye akili hapo anabeba kasiye yake anakaa.

Lakini mwalimu alimnong'oneza jirani yake kitu, na jirani akacheka.

Nikaendelea. Nikawaambia kanali huyo aliulinda mji wa Belfort usitekwe na jeshi la Prussia, siku 103, kuanzia Novemba 1870. Kwamba kwa ajili ya ushujaa ule, chini ya ngome ya Belfort kuna simba wa mawe mekundu, urefu mita 22, kimo mita 11, kazi ya Bartholdi, yuleyule wa Sanamu ya Uhuru ya New York. Kwamba hata Paris wana mdogo wake wa shaba, wamemweka kwenye rondipwe, mzunguko wa barabara, kama sisi tulivyomweka mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo. Ukumbi kimya. Bibi mmoja akatikisa kichwa kwa heshima. Nililewa bila kunywa.

Mwalimu akainua kidole. "Papa, huyo simba amesimama ao amelala?"

"Amelala, ila mbele ameinuka."

"Tuonyeshe basi."

"Onyesha! Onyesha!" Ukumbi mzima. Na nyinyi mlioandika "si ungekataa" hamjawahi kuitwa na ukumbi mzima.

Palipofaa ni mahali pamoja tu: kiti cha maharusi, kile kirefu chenye velveti nyekundu na maputo nyuma. Nikapanda. Nikakunja miguu ya nyuma. Nikanyoosha mikono, nikatoa kifua, nikainua kidevu. Wakashangilia. Nikakumbuka kwamba simba wa Belfort ana mshale chini ya mguu wake wa mbele, na mezani, karibu tu, kuna kisu cha keki kimefungwa utepe. Mikrofoni nikailaza kitini, kando ya nyonga. Nikajinyoosha kuelekea kisu. Zaidi kidogo. Vidole vikagusa utepe.

Ile sauti ilipitia kwenye mikrofoni. Ikaingia kwenye bafle zote, yaani spika, ikatoka na mwangwi, kwa sababu animatere alikuwa ameacha eko wazi. Raaa, raaa, raaa, ikafifia taratibu. Nikahisi upepo wa ziwa mahali ambapo haujawahi kufika.

Na wakati huohuo mlango ukafunguliwa, DJ akaachia wimbo wa kuingilia, watu wakasimama, na mpiga video akawasha ile taa yake inayokausha jasho. Kichwa changu kilielekea kwa wazazi wa bwana harusi. Sehemu nyingine ilielekea kwa wazazi wa bibi harusi, pamoja na mwalimu wao. Kaptura ya ndani ilikuwa nyeupe yenye mioyo midogo, zawadi ya mke wangu, mnyamaze.

Kuinuka ni kuzidi kupasua. Kugeuka ni kuwapa upande mwingine nao haki yao. Nikaamua kuwa sanamu. Sikupepesa jicho. Na maharusi wetu hawaingii kwa haraka: hatua mbili mbele, moja nyuma, wanasimama, wanatikisa mabega, watu wanawatunza noti, hatua mbili tena. Baba wa bibi harusi aliinamia sahani yake. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, huyu papa amekufa?" Mama yake akajibu, "Apana, anafanya jiografia."

Wimbo ukarudiwa. Jasho likaingia machoni, nikalikaribisha. Hatimaye bibi harusi akafika mbele yangu, gauni jipya linang'aa, akaniangalia, akaangalia kisu chake mkononi mwangu, akainama sikioni na kusema kwa adabu zote za kwao: "Papa, samahani, tulikuwa tunaomba kukaa."

Basi. Tantine mmoja akanifunika kitenge, nikapitia jikoni, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikafika nyumbani. Kasiye yangu ilichukuliwa "kwa niaba yangu" na yule aliyerekodi kwa simu, na chupa zilirudi tupu. Vijana wa moto wa pale mzunguko wa Signers sasa wananiita Belfort. Mwalimu alitafuta namba yangu ili aniandikie kwamba simba wangu alikosa mkia.

Mke wangu hajasema neno, ila ile video ameihifadhi. Na yaya anataka kostimu yake kwa ubatizo wa Jumapili. Nimeipeleka kwa fundi wa soko la Virunga. Ameigeuza, ameitazama kwenye mwanga, ameita na wenzake wa meza za jirani, halafu akaniomba nimwonyeshe nililalaje, ili ajue mshono ulianzia wapi kuachia.