Bei ya mtungi tunaijua, floraidi je?

Mama yangu aliyasifu sana maji ya kisima chetu. Sabuni kidogo tu, na povu limejaa beseni. Sufuria zake hazikushika ule ukoko mweupe ambao wenye maji magumu huukwangua kwa kisu. Tuliishi nje kidogo ya mji wa Nakuru, Kenya, njia ya kwenda Njoro, na majirani walitujia na mitungi kwa sababu hiyohiyo: maji laini, safi, hayana harufu wala ladha ya chumvi. Kila jioni aliyachemsha, kwa kuwa kliniki walimwambia maji ya kunywa lazima yachemke. Watoto wake watano tulikua bila kuhara. Na sote watano tuna meno ya kahawia.

Wa Nakuru, Gilgil na Naivasha hawahitaji kuelezwa. Ukisafiri ukacheka mbele ya wageni, mtu anakuuliza kama umetoka upande huo. Tulipokuwa wadogo tuliyasugua kwa mkaa, kwa chumvi, hata kwa mchanga, mpaka ufizi ukatoka damu. Nyanya alituambia hatupigi mswaki vizuri. Kumbe rangi ile haikuwa uchafu, ilikuwa ndani ya jino lenyewe tangu halijatokeza, na iliyoileta ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji yale yale tuliyoyasifu.

Kidato cha kwanza tulifika kwenye mada ya maji na haidrojeni. Siku ile naikumbuka vizuri. Mwalimu alitoa kipande cha sodiamu kwenye chupa ya mafuta ya taa, akakikata kama anayekata sabuni ya mche, akachukua kijipande kama punje ya dengu na kukitupa majini. Kiliyeyuka kikawa kitone cheupe kinachong'aa, kikakimbia huku na huko juu ya maji kikifoka, kisha kikaisha. Karatasi nyekundu ya litmasi ikageuka buluu. Tukaandika: potasiamu ni kali zaidi, huwaka mwali wa zambarau, kalisiamu huzama na kutoa mapovu, maji yakabaki meupe kama ya chokaa, magnesiamu inangoja mvuke, shaba haitikisiki. Nililipenda somo lile, na bado nalipenda.

Lakini maji yaliyokuwa ndani ya beseni lile yalitoka kisimani, na hakuna aliyetuambia yamebeba nini. Ndilo jambo linaloniuma mpaka leo. Tulisoma maji yanavyopambana na sodiamu ambayo hakuna kati yetu angeikuta nyumbani, tukaacha maji yanavyoongea na mwamba tunaoukanyaga.

Molekuli ya maji ina pande mbili. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, upande wa haidrojeni una chaji chanya kidogo. Kwa hiyo maji yakikutana na chumvi ya mwamba huikamata kila chembe na kuizingira, yakaondoka nayo. Huku kwetu Bonde la Ufa miamba imetokana na volkano, na floraidi imo ndani yake. Si florini yenyewe: ile ni gesi kali kiasi kwamba ikigusa maji huyanyang'anya haidrojeni na kuifukuza oksijeni. Floraidi ni florini ambayo imekwisha kupata elektroni iliyokuwa ikiitaka. Imetulia. Ikiyeyuka majini haina rangi, haina harufu, na ulimi hauitambui.

Na sasa rudi kwenye povu la mama. Kalisiamu ikiwa nyingi majini huikamata floraidi na kuifanya kalisiamu floraidi, chumvi isiyopenda kuyeyuka, ikabaki ardhini. Ila maji mengi ya visima vyetu yana sodiamu (si kile kipande kinachofoka, ni ile iliyokwisha kutulia kwenye chumvi) na baikaboneti kwa wingi, na kalisiamu kidogo sana. Ziwa Nakuru lenyewe ni magadi kwa sababu hiyo hiyo ya miamba. Maji yasiyo na kalisiamu hutoa povu zuri, na hayo hayo hayana cha kuizuia floraidi. Ule ulaini tuliousifu ndio uliofungua mlango.

Tukaongeza moto. Chukua lita tano za maji yenye miligramu 4 za floraidi kwa kila lita, jumla ni miligramu 20. Yachemshe mpaka zibaki lita nne. Maji yamepaa kwa mvuke, floraidi haipai, miligramu zote 20 bado zimo sufuriani. Sasa kila lita ina 5. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe ni 1.5. Fikiria chai inayochemka na kuchemshwa tena, ikatiwa kwenye thamosi ya watoto.

Sisemi mtu aache kuchemsha. Kipindupindu na homa ya matumbo ni vifo vya siku au wiki chache, na mama hakukosea. Dawa ya klorini nayo iendelee, maana ikiingia majini huzaa asidi inayoua viini. Ninachosema ni kwamba viini ni kitu kimoja na floraidi ni kingine, na tumewaachia wazazi wadhani kwamba maji yaliyochemka yamemaliza yote.

Jino limejengwa kwa kalisiamu, fosfeti na haidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni zilizoshikana. Floraidi huikalia haidroksili nafasi yake. Ikiwa kidogo hulifanya jino liwe gumu, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi wakati jino la ukubwani bado linajengwa ndani ya ufizi, yaani tangu utotoni mpaka karibu miaka minane, gamba lake huharibika: madoa meupe kwanza, halafu kahawia, halafu vishimo. Kwa mtu aliyeyanywa maji ya kiwango cha juu sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo navyo huumia.

Kwa kuwa mfupa na jino ni ndugu, mfupa ndio unaotuokoa. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwa hewa kidogo ikawa mkaa, kisha maji yakapitishwa humo polepole, floraidi inanaswa na mfupa ule kama ambavyo ingenaswa na jino la mtoto. Hapa hapa Nakuru, Dayosisi Katoliki imetengeneza vichujio vya namna hii kwa miaka mingi. Mkaa ule hushiba, ni lazima ubadilishwe. Asiyeweza kununua kichujio ana paa la mabati: maji ya mvua karibu hayana floraidi, na tangi moja likiwekwa kwa ajili ya kinywaji cha watoto wadogo peke yao, wakubwa wakafulia ya kisima, limetosha kubadilisha meno ya nyumba nzima. Magadi ya kulainisha maharagwe nayo yapunguzwe kwenye chakula cha mtoto, yana floraidi yake.

Haya yote yangeingia kwenye ile mada ya kidato cha kwanza, na ningependa yaanze hata shule ya msingi, kwa sababu kidato cha kwanza meno yamekwisha kuota. Lakini kuna jambo la haraka zaidi. Kila kibanda cha kuuzia maji kimeandikwa bei ya mtungi kwa rangi, unaisoma ukiwa barabarani. Chini ya bei kiandikwe kipimo cha floraidi. Tarakimu moja tu, na tarehe ya kupima.

Mpwa wangu ana miaka minne. Wiki iliyopita nilienda kwenye kibanda ambako dada yangu huchukua maji, nikamuuliza kijana anayeuza kama anajua floraidi ya kisima kile. Nilitarajia atikise kichwa. Akafungua daftari la mauzo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Vipimo vya maabara. Nikafuata mistari kwa kidole: floraidi, 4.6.

"Mama, tangu nianze kazi hapa hakuna aliyewahi kuuliza," akaniambia.

Nikamwomba aiandike ukutani, rangi nitaleta mwenyewe. Akaitazama karatasi, akautazama ukuta, akasema lazima kwanza amuulize mwenye kisima. Nitarudi Jumamosi.