Mwezi Hauna Habari na Likizo Yangu

Mtu akikwambia kwenda kutazama ndege wahamao pwani ni kubeba darubini na kuondoka, mwangalie tu, usimjibu. Kazi ya kwanza ni kuelewana na mwezi, na mwezi haujawahi kuelewana na mwajiri wa mtu.

Iko hivi. Wale ndege wa matopeni hula maji yakipwa. Yakishapwa sana wanatawanyika mbali huko, unabaki kutazama vinukta vinavyochezacheza kwenye mvuke wa jua. Umesafiri, umechafuka mpaka magotini, ukiulizwa umeona nini, jibu ni vinukta. Kwa hiyo unatakiwa ufike saa mbili tatu kabla maji hayajajaa, utulie, uiache bahari iwasogeze yenyewe. Haya. Sasa maji yakijaa, hujaa tena baada ya muda wa saa 12 na dakika 25 hivi, na ukizidisha mara mbili, maana yake kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mimi nikichelewa kazini dakika 50 naandikiwa barua. Bahari inachelewa kila siku tangu dunia iumbwe, na hakuna aliyethubutu kuiita ofisini.

Siku zenyewe za kwenda ni za bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Hapo maji yanapanda haswa, na ndege wanabanana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki. Msimu nao una mipaka yake: Agosti hadi Novemba wanateremka kusini kutoka kwao huko kwenye baridi, Machi hadi Mei wanarudi kuzaa. Sasa chukua kalenda. Toa siku za maji mafu, zile ambazo bahari haipandi sana. Toa siku za kazi. Toa zile ambazo maji yanajaa usiku wa manane. Zinazobaki unazihesabu kwa vidole, na zote, narudia, zote, zina harusi. Ukoo wetu haujui kuoana maji mafu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hao ndege wenyewe hawasumbuki hivi. Kuna mmoja mwenye mdomo mrefu uliobinuka juu kidogo, kwenye vitabu ni Limosa lapponica. Mwaka 2022 kinda lake la miezi mitano hivi liliruka kutoka Alaska, Marekani, mpaka Tasmania, kisiwa cha Australia, kilomita 13,560, siku 11, bila kutua mahali. Hakuna kula, hakuna kunywa. Na usidhani lilishikwa mkono na baba yake, maana ndege hawa waliokomaa kwa kawaida hutangulia, watoto wakafuata kivyao. Kabla ya safari ndefu hivyo hujinenepesha kwa mafuta, kisha utumbo, ini na figo vinanywea ili mzigo upungue. Fikiria msafiri anayefungasha mpaka anapunguza figo!

Halafu njoo kwa shemeji yangu. Safari ni ya asubuhi moja, yeye ameorodhesha kiti cha kukunja, mwavuli mwekundu na spika. Spika! Ya kumpigia nani? Nikamweleza taratibu kwamba ndege aliyepumzika ukimrusha hovyo anaunguza mafuta aliyoyatafuta kwa jasho, na ana bara zima mbele yake. Akasema basi ataweka sauti ya chini. Mwavuli alikubali kuuacha, baada ya kununa.

Darubini nayo imeleta kesi nyumbani. Mimi nataka 8x42, yaani inakuza mara 8, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Mama watoto anauliza kwa nini nichukue inayokuza mara 8 wakati kuna ya mara 10, tena mbele ya wageni, kana kwamba nimeridhika na maisha duni. Namwambia ukikuza zaidi na mtetemo wa mkono unakuzwa, unaona ndege anacheza ngoma kumbe kasimama. Akaangalia mikono yangu, akaondoka bila neno.

Ila yote hayo nayavumilia. Kisichovumilika ni rangi. Wakiwa kwao wakati wa kuzaa, wengi wamependeza, vifua vya kutu, migongo yenye madoa, unamtambua mtu kwa mavazi yake. Wakija kwetu wanavua yote. Sululu unaweza kumjua, Mungu kampa mdomo uliopinda chini kama mundu, hakupi taabu. Shida ni wale wadogo, kundi zima la kijivu kwa nyeupe, wanakimbia pamoja, wanageuka pamoja, na kitabu kinakuambia kwa utulivu mkubwa: tazama urefu wa mdomo ukilinganisha na kichwa. Nani atamwambia asimame nimpime?

Jana tumekaa na shemeji kujifunza. Nimempitisha ukurasa kwa ukurasa: huyu miguu myeusi, huyu ya kijani kijani, huyu akiruka kiuno chake cheupe, huyu ana mstari mweupe kwenye bawa. Nimeongea mpaka koo limekauka. Akafunua nyuma, akafunua mbele, akaniuliza, "Shemeji, hawa wote si yule yule?"

Nilikuwa na la kumjibu. Lakini gari ni lake.