Nenda bustanini siku ambayo haijapendeza

Kuna kijicho cha aina yake kinachompata mtu aliyetoka kutembelea bustani nzuri. Hakikupati ukiwa bado humo. Humo unashangaa tu, unainama kunusa, unapiga picha. Kinakupata ukirudi kwako, ukifungua geti na kukuta majani ya waridi lako yametobolewa na wadudu, na magugu yamekipita kimo kile ulichopanda. Mara moja kazi ya miezi yote inaonekana upuuzi. Mimi kijicho hicho kilinisumbua miaka mingi, na dawa niliyokuwa nikiitumia ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa: nilinunua mche.

Mche wa kile kile nilichokiona, bila shaka. Yangu ilikuwa bustani ya vitu nilivyovionea wivu kwa watu, na vingi vilikufa.

Kisa cha hidrenjia kinatosha. Niliziona zimepangwa kando ya njia yenye kivuli, vichwa vikubwa vya maua ya buluu iliyokolea, ile buluu ambayo mimea michache sana inayo. Nikautafuta mche, nikaupata, nikauchimbia shimo la maana, nikauwekea samadi iliyooza vizuri. Ukakua. Ulipochanua, maua yakawa ya rangi ya waridi! Nikajua nimeuziwa mche siyo. Kumbe mche ulikuwa ule ule. Hidrenjia hizi za vichwa vikubwa hufuata udongo: ukiwa na asidi, alumini iliyomo ardhini huyeyuka, mizizi ikaifyonza, na ua likawa la buluu. Udongo wenye chokaa huishika ile alumini isitoke, na ua hubaki la waridi. (Zile nyeupe hazina habari na mambo haya; nyeupe ni nyeupe popote.) Nilichokipenda kule kilikuwa mmea pamoja na ardhi yake, nami nikabeba nusu.

Ndiyo maana nina maoni ambayo huwaudhi rafiki zangu wanaopanga safari zao kwa kufuata maua. Bustani nzuri itembelee siku ambayo haijapendeza. Na kama una nafasi ya kutembea mara nne kwa mwaka, usiende bustani nne. Nenda moja, mara nne.

Sikulifikia jambo hili kwa busara. Nilikosea mwezi tu. Niliingia katika bustani niliyokuwa nikiisifia kila mahali, nikakuta matuta matupu, toroli limeegeshwa katikati ya njia, mipira ya maji imelala kama nyoka, na mzee mmoja kapiga magoti anakata shina la mmea katikati kwa sepetu. Nilisimama nikimtazama kwa uchungu, maana ule mmea niliutambua. Ndio uliokuwa umejaa maua ya zambarau nilipokuja mara ya kwanza.

"Shikamoo mzee. Mbona unaukata?"

"Marahaba. Katikati pameshakufa, mwanangu. Hebu shika."

Akanipa kipande. Kweli, kitovu cha shina kilikuwa kikavu kama kuni, na machipukizi mabichi yote yalikuwa pembezoni. Akaniambia kila baada ya miaka mitatu minne huigawa mimea ile, hutupa katikati, hupanda upya zile pembe. Mimi ya kwangu nilikuwa naiongezea samadi na kuilaumu mbegu. Kisha nikaona vijiti. Vilikuwa vimechomekwa ardhini na kufungwa kamba kabla mimea haijafika hata magotini, ili ikirefuka ijikute imeshikwa, na majani yafiche kila kitu. Miaka yote nilijiuliza kwa nini maua yao husimama wima na yangu hulala kifudifudi mvua ya kwanza ikipiga. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mimi siku zote nilikuwa natazama jahazi likiwa majini. Siku ile nilifika linapochongwa.

Tangu hapo hata bustani mashuhuri naziangalia kwa jicho jingine. Chukua Keukenhof, kule Lisse, Uholanzi. Picha zake za tulipu zimeenea dunia nzima, na ni nani asiyejiona maskini akizitazama? Lakini ile ni bustani inayofunguliwa kwa takriban wiki 8 tu za majira ya kuchipua. Kila mwaka, kabla ya baridi, watu huchimbia kwa mikono vitunguu vya maua, yaani vile vichwa vya ardhini vinavyochipua tulipu, milioni 7 hivi, na onyesho likiisha vinang'olewa, kazi inaanza upya. Sisemi ni vibaya. Ni onyesho, na onyesho zuri ajabu. Ila mtu mwenye tuta mbili nyuma ya nyumba akijipima kwa Keukenhof ni sawa na aliyejipima nguo zake za shambani kwa nguo za bibi harusi.

Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa, nayo huniburudisha kwa sababu ya kukosa kwake. André Le Nôtre alianza kazi ya bustani zile miaka ya 1660 kwa amri ya Louis wa 14, na chemchemi zikawa nyingi kuliko maji. Walijenga hata mtambo mkubwa wa magurudumu 14, uliokamilika mwaka 1684, wa kuyapandisha maji ya mto Seine juu ya kilima, na bado hayakutosha. Basi mafundi wa chemchemi wakawa wanapeana ishara kwa mluzi: mfalme akikaribia, fungua, akishapita, funga. Mtawala wa Ufaransa yote, na bustani yake ilikuwa ikifanya vile ninavyofanya mimi nikisikia wageni wanakuja. Nafagia njia ya mbele na kuomba Mungu wasizunguke nyuma.

Claude Monet, mchoraji Mfaransa, alihamia kijiji cha Giverny mwaka 1883, na miaka 10 baadaye akanunua kipande kingine cha ardhi ili achimbe bwawa la mayungiyungi. Majirani walilalamika, wakiogopa mimea ile ya kigeni itawaharibia maji. Bwawa likachimbwa, na michoro ya mayungiyungi ikazaliwa humo. Sehemu ninayoipenda mimi ni ndogo zaidi: kati ya watunza bustani wake, mmoja kazi yake ilikuwa bwawa tu, kuzunguka na mashua akitoa majani yaliyooza na kuyaweka mayungiyungi sawa. Ule utulivu wa maji tunaouona kwenye michoro ulikuwa na mtu wa kuutunza kila siku. Nikilitazama beseni langu la maji lililojaa mwani, sijisikii vibaya tena. Sina mtu wa mashua.

Kuna bustani nyingine zinazonifundisha kinyume chake, yaani kuacha. Katika hekalu la Saihō-ji, mjini Kyoto, Japani, ardhi imefunikwa na vigoga, ile mimea midogo laini kama zulia inayoota kwenye mawe yenye unyevu, aina zaidi ya 100. Hakuna aliyeipanda kwa mpango huo. Bustani yenyewe ni ya karne ya 14, lakini vigoga vilikuja karne nyingi baadaye, hekalu lilipokuwa halina uwezo wa kuitunza, unyevu na kivuli vikafanya vyao. Waliokuja baadaye walikuwa na akili ya kutovikwangua. Na Mholanzi Piet Oudolf, aliyebuni upandaji wa High Line jijini New York, ile reli ya juu iliyogeuzwa bustani na kufunguliwa mwaka 2009, mimea yake ikikauka haikatwi. Mabua na vichwa vya mbegu husimama baridi nzima, ndege wakala, umande ukaganda juu yake, mpaka majira ya kuchipua yanapokaribia ndipo hufyekwa.

Hapo narudi kwenye hidrenjia yangu, maana haikumaliza kunifundisha. Ilipozoea kwangu, nikaamua kuipendezesha. Baridi ilipoingia, vichwa vikakauka rangi ya kahawia, nami sikupenda uchafu ule. Nikachukua mkasi, nikaipogoa hadi chini, safi kabisa, nikajipongeza. Mwaka uliofuata ilitoa majani mazuri mno na hakuna hata ua moja. Vichomozo vya maua ya mwaka unaokuja huwa vimeshaundwa kwenye matawi ya zamani tangu mwisho wa majira ya joto. Nilikuwa nimeyakata maua yangu mwenyewe yakiwa bado hayajaonekana. Na katika ile ile bustani ya mzee wa sepetu, ziara yangu ya tatu, nikaona hidrenjia zao zimeachiwa vichwa vikavu vile vile, vimeinama juu ya vichomozo na kuvikinga na baridi. Mgeni wa msimu wa maua hawezi kuliona hilo. Hajui hata kuna kitu cha kuonwa.

Kosa la tatu lilikuwa la joto. Saa sita mchana majani yake yalikuwa yakilegea kama masikio ya mbwa, na mimi mbio na mdumu wa maji. Jioni yanasimama, nasema nimeyaokoa. Baadaye nikajifunza kusubiri: jua likiwa kali majani hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, hata kama udongo umelowa, na jioni mmea hujirudi wenyewe. Ukiukuta bado umelegea asubuhi, hapo una kiu. Vinginevyo chomeka kidole ardhini. Kama pana unyevu, rudi ndani ukapumzike. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku kunaidekeza mizizi ibaki juu juu, kisha ukikosekana siku mbili mmea unakufa. Heri kumwagilia sana, mara chache, maji yashuke.

Mvua zikianza ndipo huwa na matumaini ya kijinga kuliko wakati wowote. Kila kitu kinashika, hata vijiti vya kuegemezea mimea vinaota majani. Ni wakati wa kuhamisha miche, kupanda vipandikizi, na kugombana na konokono. Sina la ziada la kusema kuhusu konokono. Wanashinda.

Wakati usio na kazi ya kuonekana ndio nimekuja kuupenda. Nakusanya majani makavu na kuyatandaza juu ya udongo, nikiyaacha umbali wa kiganja kutoka kwenye mashina yasije yakaozesha magome. Naandika kwenye daftari: kilichochanua tarehe ngapi, kilichokufa, na kivuli cha ukuta kinapofika saa tisa alasiri. Kivuli hicho, niwaambie, hakikai mahali pamoja mwaka mzima. Kuna tuta nililolihesabu kuwa la jua, kumbe ni la jua kwa miezi mitano tu. Ilinichukua miaka minne kulijua, na nilikuwa nikipita hapo kila siku.

Christopher Lloyd, yule mwandishi na mtunza bustani Mwingereza, miaka ya 1990 huko Great Dixter, kwenye nyumba ya familia yake, aling'oa bustani ya mawaridi iliyokuwepo tangu enzi za wazazi wake na kupanda maua ya kana na dalia, pamoja na migomba. Wengi walikasirika. Mimi nalikumbuka jambo lile kila ninapong'ang'ania kitu ambacho kwangu hakitaki kuishi kwa sababu tu nilikiona kizuri kwa mtu. Hidrenjia imebaki, ya waridi. Makangaga matatu na mlolongo wa vitu vingine vimekwenda kwenye mboji.

Mboji ndiyo ninayoitafuta kwanza siku hizi kila ninapotembelea bustani ya watu. Huwa imefichwa nyuma ya ua au nyuma ya banda la vifaa, na vibao havionyeshi njia. Lakini ni kama jiko la nyumba: sebuleni watakupokea vizuri, ila ukitaka kujua wanaishije, ingia jikoni. Nimeona mboji zilizopangwa kwa umri, mbichi, ya kati na iliyokomaa, nyeusi, yenye harufu ya msitu baada ya mvua. Nimeona pia bustani za kung'aa ambazo nyuma yake kuna magunia ya mbolea ya kiwandani tu na rundo la vyungu vya plastiki.

Juzi nimeenda tena. Baridi, mawingu, hakuna watu. Kijana wa langoni alinitazama kwa huruma.

"Mama, samahani, sasa hivi hakuna maua kabisa. Labda urudi baada ya miezi mitatu."

Nikamshukuru, nikamuuliza mboji yao iko upande gani.