Palermo haitembelewi kwa kufuata mwavuli

Tangu turudi Mombasa, kila anayekuja kumjulia hali mama ana swali lile lile: ni kweli tulimlipa mtu euro 160 atutembeze mji wa Palermo, kisiwani Sicilia kusini mwa Italia, kwa saa tatu? Aliyeitoa habari ni shemeji yangu anayeishi Bologna, na aliitoa kwa masikitiko makubwa. "Shemeji, mitaa ni bure. Ramani unayo kwenye simu. Ya nini kumpa mtu zaidi ya shilingi elfu ishirini akuonyeshe ukuta?"

Nimeanza kujibu swali hilo sebuleni mara nyingi, na kila mara nakatizwa kabla sijafika nusu. Leo nalijibu hapa mpaka mwisho.

Siku ya kwanza tulifanya kama wanavyofanya wengi: tulijiunga na kundi. Tulikuwa zaidi ya arobaini. Kila mtu alipewa kidude cha kuning'iniza shingoni na kingine cha kutia sikioni, na mbele yetu alikwenda mtembeza wageni akiwa ameinua mwavuli wa njano. Mama ana miaka 71 na goti lake la kushoto halimpi raha. Hakuna aliyemuuliza. Kundi lilikwenda kwa mwendo wa vijana, na kadiri tulivyobaki nyuma ndivyo sauti sikioni ilivyokatikakatika. Tulipofika Quattro Canti, pale njia kuu mbili za mji wa kale zinapokatana, tukawa tunasikia mkwaruzo mtupu na mwavuli hatukuuona tena. Mama akasimama katikati ya watu, buibui lake likipeperushwa na upepo, akigeuka huku na huku. Picha hiyo bado inaniuma.

Kundi tulilikuta kanisa kuu, linaondoka. Nikasikia mwaka 1185, nikasikia Wanormani, nikasikia neno Wahispania, kisha "tuendelee." Tukapita mlango wa kusini bila kusimama. Ukumbuke mlango huo.

Mama si mtu wa kulalamika. Usiku, anapaka mafuta gotini, akaniambia, "Mwanangu, mji ni mzuri, lakini haukunisemesha."

Maneno hayo ndiyo yaliyotoa hizo euro 160.

Mwanamke tuliyemwajiri ni mzaliwa wa Palermo, na kibali chake cha serikali alikivaa shingoni. Kabla hajasema lolote kuhusu mji alituuliza maswali mawili. Mnatoka wapi? Na signora anaweza kutembea kiasi gani kabla ya kukaa? Tulipomjibu Mombasa, akanyamaza kidogo, akaibadilisha njia yote aliyokuwa ameipanga. Tulikuwa tuanzie sokoni. Akasema hapana, tuanzie ikulu ya wafalme wa kale, kwa sababu ikulu ndiko kwenye habari zenu.

Wasomaji wangu wa Lamu, Malindi, Unguja na Mombasa, hapa naomba mnisikilize vizuri.

Mfalme Roger wa Pili alikuwa Mnormani, yaani wa ukoo uliotoka kaskazini mwa Ufaransa, na Mkristo, na mji aliotawala ulikuwa umekaa chini ya Waislamu tangu 831 mpaka Wanormani walipouteka 1072. Mfalme huyo alimwita kwake mwanachuoni al-Idrisi, mzaliwa wa Ceuta kwenye pwani ya kaskazini ya Afrika, akamkabidhi kazi ya kuichora dunia nzima. Ilichukua takriban miaka 15. Waliwahoji wasafiri na wafanyabiashara, wakalinganisha maelezo ya huyu na ya yule, wakaacha yaliyopingana. Kitabu kilikamilika 1154, kwa Kiarabu, pamoja na ramani ambazo kusini iko juu. Na ndani ya kitabu hicho, kilichotungwa Palermo kwa amri ya mfalme wa Sicilia, imo pwani yetu. Imo Malindi na biashara yake ya chuma. Imo Mombasa. Hiyo ni zaidi ya miaka 340 kabla Vasco da Gama hajatia nanga Mombasa mwaka 1498.

Shuleni nilifundishwa kana kwamba Ulaya ilitujua siku ile meli za Wareno zilipoonekana. Nimeishi na habari hiyo maisha yangu yote. Ikasahihishwa ugenini na mwanamke aliyetoa mkobani karatasi yenye nakala ya ramani, akaigeuza ili mama aione kwa namna aliyoizoea, akaweka kidole pale pwani ilipo. Mama akainama juu ya ile karatasi. "Kwa hivyo huyu bwana alituandika akiwa hapa?" Hapa, ndiyo, katika mji huu huu, wala kwetu hakuwahi kufika. Alitujua kwa midomo ya watu waliofika.

Siku iliyotangulia tulikuwa tumepitishwa kwenye ikulu hiyo hiyo. Sikioni jina la al-Idrisi halikutajwa.

Kwenye kanisa dogo la Roger, Cappella Palatina, kila anayeingia hutazama dhahabu ya vigae ukutani, na ni haki yake, maana inang'aa kiasi cha kukutoa pumzi. Sisi tuliambiwa tutazame dari. Ni ya mbao, imechongwa mfano wa mzinga wa nyuki, kazi ya mafundi Waislamu, imejaa picha na maandishi ya Kiarabu ya dua na heri. Kanisa la Kikristo, dari ya Kiislamu, chini ya paa moja. Mama alikaa kwenye benchi robo saa nzima shingo ikiwa juu. Hakuna aliyetuambia tuendelee. Nje yake kuna jiwe la 1142 linalosimulia saa ya maji ya mfalme kwa lugha tatu, Kilatini, Kigiriki na Kiarabu.

Kisha tukashuka polepole kwa barabara wanayoiita Cassaro. Mtembezaji akatueleza kwamba jina hilo limetokana na neno la Kiarabu al-qasr. Mama akacheka. "Kasri," akasema. "Hilo ni neno letu." Yule mwanamke akasimama pale pale njiani, akauliza: mnalo? Tunalo. Akaendelea kutujaribu. Mtaa wa Kalsa ulikuwa al-Khalisa. Sisi tunasema halisi. Jumba la Zisa lilikuwa al-Aziza. Sisi tunamwita mtu azizi. Tukawa tunatembea watu watatu tukipeana maneno kama watoto wanaopeana kokoto: zucchero na sukari, limone na limau, zafferano na zafarani. Mama, aliyesema mji haukumsemesha, sasa alikuwa anausemesha yeye.

Ndipo tukafika kwenye ule mlango wa kusini.

Ukumbi wa mlango huo una nguzo. Nguzo ya kushoto ina maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe, na watu mamia wanaipita wakiwa wameinua simu kupiga picha ya matao yaliyo juu. Mahali lilipo kanisa palikuwa na msikiti mkuu wa mji. Mtembezaji hakusema mengi. Alimshika mama mkono, akamsogeza, akamwambia: Signora, hii ni Sura ya al-A'raf, aya ya 54.

Mama akavaa miwani. Herufi hizo si kama za msahafu wake wa nyumbani, na jiwe limechakaa. Alitafuta mahali pa kushika, akapata neno moja, na baada ya hapo hakulihitaji jiwe tena kwa sababu aya anayo moyoni. Akaisoma kwa sauti ile anayosomea alfajiri, kwamba Mola wenu ni Mwenyezi Mungu aliyeziumba mbingu na ardhi kwa siku sita, na usiku unaofunika mchana ukiufuata mbio, na jua na mwezi na nyota vinavyotii amri yake. Akaisoma mpaka mwisho, kwenye mlango wa kanisa kuu la Palermo, huku mtembezaji wetu, Mkatoliki aliyebatizwa mjini humo, akiwa ameinamisha kichwa. Kisha mama akavua miwani akafuta macho.

Miaka 71, na siku moja kabla alipitishwa hapo hapo kwa sababu kundi lilikuwa na ratiba. Hasira yangu yote imo katika hilo. Sizungumzii starehe ya mwenye pesa. Mtu amesafiri kutoka bara jingine, jiwe lenye maneno anayoyajua tangu utotoni limo mita chache kutoka alipo, na utaratibu mzima umepangwa asilione. Kundi la watu arobaini haliwezi kuuliza mnatoka wapi. Likiuliza litapata majibu arobaini, na mtembezaji hana la kufanya nayo, kwa hiyo husema yale yasiyomhusu yeyote kwa karibu: miaka, majina ya wafalme, tuendelee. Palermo, mji ambao hata mabango ya mitaa kwenye mtaa wa kale wa Wayahudi yameandikwa Kiitalia, Kiebrania na Kiarabu, unageuzwa kuwa mji wowote wa Ulaya wenye makanisa.

Nitakubali mambo mawili, kwa shingo upande. Ni ghali, familia nyingi hazina euro 160 za saa tatu, na kwao kundi ni bora kuliko kutojua kitu. Hata hivyo bei ni ya mtembezaji, si ya kichwa, kwa hiyo mkiwa watu wanne au watano mkichanga, tofauti na kundi inapungua sana. La pili, kibali peke yake hakimfanyi mtu kuwa msimulizi. Italia ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuwa na mtihani wa taifa na orodha moja ya watembeza wageni, ni jambo jema, lakini mtu anaweza kufaulu mtihani na bado akakusomea kama kasuku. Mwandikie kabla hujamlipa. Mwambie unatoka wapi, unapenda nini, nani katika msafara wenu anachoka haraka. Atakayekujibu kwa maswali, mchukue.

Kuhusu simu: nayo ina majibu. Ila lazima ujue la kuuliza, na mimi nisingejua kuuliza habari za nguzo.

Soko la Ballarò, tulilolipitia kabla ya kufika kwenye ule mlango, nalipita upesi, maana kila mtu ameliandika. Sauti za wauzaji wanaonadi bidhaa zao, wenyewe huiita abbanniata, zingekukumbusha Marikiti siku ya mkesha wa Idi. Tulikula panelle, maandazi bapa ya unga wa dengu yanayotiwa ndani ya mkate wenye simsim, na mama akasema kilichokosekana ni ukwaju tu. Huko huko mtembezaji akatusimulia Benedikto, Mtakatifu Mweusi, mtoto wa watumwa Waafrika, aliyefariki mjini humo 1589 na ambaye Palermo ilimfanya mmoja wa watakatifu wasimamizi wake mwaka 1652. Hilo nalo lilihitaji siku yake, na siku yake hatukuwa nayo.

Limebaki moja la nyumbani, na linanikera zaidi ya mwavuli wa njano. Hapa Mji wa Kale tunao watu wanaoijua kila baraza na kila mlango. Wanajua kwamba Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, ilichorwa na Mtaliano wa Milan, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno. Tunawapita bila kuwasalimu. Tunawaonya wageni wetu wasiwasikilize. Binamu zangu waliozaliwa Mombasa hawajawahi hata siku moja kumlipa mmoja wao awatembeze kwenye mji wao wenyewe. Jumamosi iliyopita nilimlipa mmoja, bei aliyoitaja bila kupunguza, nikatembea naye asubuhi nzima kwenye vichochoro ninavyovipita tangu utotoni. Nikaonyeshwa vitu vitatu ambavyo sikuwahi kuviona.

Turudi Palermo, tumalizie. Saa tatu zetu ziliisha tukiwa bado kwenye mlango wa kusini. Nilitazama saa, yeye hakutazama. Tulikaa kwenye mkahawa ulio karibu, na alikataa tumlipie kahawa, akatulipia yeye. Halafu akatoa daftari dogo mkobani, lile analoandikia mambo ya kazi yake, akamwomba mama amwandikie jina la mji wetu kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoliandika wazee. Mama akauliza, lipi? Maana yako mawili. Akaandika Mombasa, na chini yake akaandika Mvita, akaanza kueleza tofauti. Mimi nilikuwa natafsiri. Yule mwanamke alikuwa ameinama juu ya daftari, akiuliza pole pole, akiandika kila alichoambiwa.