Lipia jicho linalosoma makosa, si rundo la mazoezi

Mzazi anayemtafutia mwanawe mwalimu wa tuisheni ya SAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, huanza kwa kuuliza: utampandisha alama ngapi? Mimi ningeuliza kwanza: ukishasahihisha jaribio lake, unafanya nini na yale aliyokosa? Akijibu kwamba humpa jaribio jingine, mtafute mwingine. Majaribio mtoto anaweza kuyafanya peke yake, bure, kwenye Bluebook, programu ileile ya College Board, taasisi inayoandaa SAT, atakayofanyia mtihani wenyewe. Mazoezi na masomo yapo bure kwenye tovuti ya Khan Academy tangu 2015. Kinachostahili kulipiwa ni mtu anayeweza kuona kwa nini jibu B lilimvuta.

Makosa mengine huzaliwa na umbo la mtihani. Tangu Machi 2024, SAT ndani ya Marekani hufanywa kwa kompyuta, kwa saa 2 na dakika 14. Kusoma na kuandika kuna moduli mbili, yaani sehemu zenye muda wake, kila moja maswali 27 kwa dakika 32. Hisabati nayo ina mbili, kila moja maswali 22 kwa dakika 35. Hiyo ni kama sekunde 71 kwa swali la kusoma na 95 kwa la hisabati. Ugumu wa moduli ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza. Ukiivuruga ya kwanza unapelekwa kwenye maswali mepesi, na hapo hata ukiyapata yote hufikii alama za juu kabisa. Kwa hiyo makosa ya papara kwenye moduli ya kwanza ndiyo ya kufanyiwa kazi mapema. Papara yenyewe haimfaidi kitu: akimaliza kabla ya muda atasubiri dakika ziishe, na moduli ikishafungwa hairudiwi.

Chombo kikuu cha kazi hii ni daftari la makosa. Linaingia kila swali alilokosa, pamoja na kila alilopata kwa kubahatisha. Namba za aliyobahatisha aziandike kwenye karatasi ya rafu wakati wa jaribio, maana akishaona alama ya tiki atajishawishi kwamba alijua. Kwa kila swali aandike liliuliza nini, alichagua nini, na nini kilimfanya achague hivyo. Kisha mwalimu na mwanafunzi waamue: hakujua, alijua lakini hakusoma vizuri, au muda ulimbana. Haya ni maradhi matatu, na dawa ya moja haitibu jingine.

Chukua swali hili: 3x + 5 = 20, tafuta thamani ya 6x. Mwanafunzi anapata x = 5, anaiona 5 kati ya majibu, anaichagua. Aljebra anaijua vizuri kabisa. Mwalimu asiyesoma kazi yake atamrundikia milinganyo thelathini, mtoto ataipata yote, na Jumamosi ya mtihani atarudia kosa lilelile. Dawa ni kuandika «6x = ?» kabla ya kukokotoa chochote. Akishazoea kutazama kinachotakiwa, ataona kwamba 3x ni 15, hivyo 6x ni 30, bila hata kuitafuta x. Linganisha na anayesema bei ikipanda kwa asilimia 20 kisha ikashuka kwa asilimia 20 imerudi palepale. Huyu hajui, afundishwe: 1.2 × 0.8 ni 0.96.

Kwenye sarufi ya Kiingereza, adui ni sikio. Mwanafunzi anasoma sentensi, anaisikia inatiririka, anaweka koma kati ya sentensi mbili kamili. Afunike upande mmoja wa alama, asome mwingine, kisha abadilishe. Kila upande ukisimama peke yake, koma tupu haitoshi. Panahitajika nukta, nukta mkato, au koma pamoja na kiunganishi. Tena, majibu mawili yakiwa yanatofautiana kwa nukta na nukta mkato tu, yanafanya kazi moja, na kwa kuwa jibu sahihi ni moja, yote mawili yaondolewe.

Takribani robo ya maswali ya hisabati hayana majibu ya kuchagua, na hapo watu hupoteza alama wakiwa na jibu sahihi mkononi. Tatu na nusu ikiandikwa 3 1/2 husomwa 31/2. Iandikwe 7/2 au 3.5. Theluthi mbili kwa desimali ni 0.666 au 0.667, lakini 0.67 haikubaliwi. Salama zaidi ni kuandika 2/3. Na asiache swali lolote tupu: tangu 2016 jibu lisilo sahihi halikati alama.

Kwa ratiba, wiki 10 hadi 12 zinatosha wengi: vipindi viwili vya dakika 90 kwa wiki, kimoja chote kikiwa cha daftari. Jaribio kamili lifanywe kila baada ya wiki mbili au tatu, asubuhi, kwa mkao mmoja, na mapumziko ya dakika 10 katikati. Majaribio rasmi si mengi, na anayeyamaliza mwezi wa kwanza hana tena kipimo cha kuaminika. Katikati, mwanafunzi arudie maswali ya daftari baada ya siku saba bila kuona jibu. Akikosa tena, somo halikuingia, na la kubadilisha ni namna ya kulifundisha.

Ahadi ya kupandisha alama 200 kabla ya kuona jaribio la kwanza haina msingi. Mwenye alama 1100 kati ya 1600 mara nyingi ana makosa yanayojirudia, na kurekebisha aina tatu tu kunaweza kumsogeza sana. Mwenye 1500 amebakiwa na makosa machache, kila moja na sababu yake, na kipindi kizima kinaweza kuisha kwa maswali sita.