Poti Iliyokaa Kimya Si Poti Iliyofungwa

Wiki jana, saa tano usiku, mwenzangu wa zamu alinitumia neno moja: "Imefungwa." Ndivyo skripti yetu ya ukaguzi ilivyochapa ilipokagua poti 5432 (poti ni mlango wa mtandao wa kuingilia programu) kwenye seva ya hifadhidata ya mteja, naye akaanza kuiwasha upya PostgreSQL, programu inayoendesha hifadhidata hiyo. Mara ya kwanza, mara ya pili, wapi! Kumbe PostgreSQL ilikuwa buheri wa afya. Kanuni mpya ya faiawoli, kichujio cha mawasiliano ya mtandao, ndiyo iliyokuwa ikimeza maombi yetu njiani.

Simlaumu yeye. Nailaumu skripti, na skripti niliiandika mimi.

Niliipa majibu mawili, ilhali ukipiga hodi kwenye poti ya TCP (itifaki ya mtandao ambayo hufungua muunganisho kwanza) majibu ni matatu. Unakaribishwa. Au unakataliwa papo hapo, "connection refused", yaani mashine ipo na imekusikia, ila mara nyingi hakuna programu inayosikiliza hapo. Au unakutana na kimya, na kimya hicho kwa kawaida ni faiawoli inayotupa pakiti, yaani vifurushi vya data, bila kusema neno. Ukikataliwa, kaangalie seva. Ukikuta kimya, watafute watu wa mtandao. Mimi yote mawili nikayaita "imefungwa", mwenzangu akahangaika na mgonjwa asiyeumwa.

Sasa natumia mstari huu, hata kwenye seva isiyo na nc wala telnet, zana za kujaribu poti, mradi bash, programu ya kuendesha amri, ipo:

timeout 3 bash -c '</dev/tcp/10.0.0.5/5432'; echo $?

Hiyo /dev/tcp usiitafute kwenye diski, hutaiona. Bash ndiyo inayoielewa. Ukipata 0, poti iko wazi. Ukipata 124, sekunde 3 zimekwisha bila jibu. Ukipata 1, soma ujumbe uliotangulia, kwani hata jina la seva lililokosewa huleta 1 hiyo hiyo. Na uendeshe kwenye mashine ile ile inayohitaji hifadhidata. Laptopu yako ya nyumbani inapita njia nyingine.

Ping, amri ya kuuliza kama mashine inajibu, tafadhali isiletwe hapa. Inatumia ICMP, itifaki nyingine ya mtandao, haijui poti ni kitu gani. UDP, itifaki inayotuma bila kufungua muunganisho kwanza, ndiyo kabisa: nc -zu inaweza kukupa hongera kwa sababu tu hakuna aliyelalamika.

Skripti sasa inachapa WAZI, IMEKATAA au KIMYA. Mwenzangu ameomba KIMYA iwe nyekundu, na chini yake iwekwe namba ya simu ya mtu wa mtandao.